Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: wagonjwa wetu wa visiwani wasiachwe njiani

Mheshimiwa Waziri, assalam aleikum.

Nakuandikia kutoka kisiwa cha Pate, upande wa Faza, na najua una mengi mezani kwahivyo ombi langu nalitanguliza: madaktari wa hospitali na watu wa hospisi, wale wanaotuliza maumivu na kuwatunza wenye ugonjwa mzito, wamshike mgonjwa pamoja tangu siku anapoambiwa ana ugonjwa mzito, sio wa hospitali wamalize yao kabisa ndio wamsukume kwa wenzao.

Khalati yangu ana kansa ya titi na imeshaingia mifupani. Huko bara alikotibiwa, hospitali siitaji, tulipewa karatasi ya kutoka imeandikwa arudi nyumbani kwa matunzo, basi. Matunzo gani, ya nani, dawa ipi kwa kipimo gani, usiku akilia nimpigie simu nani, hakuna hata mstari mmoja. Nesi wa dispensari yetu akaisoma ile karatasi halafu akaniuliza mimi mofini, ile dawa kali ya maumivu, huwa anapewa kiasi gani. Mimi ndio naulizwa! Na wallahi simlaumu, hakuandikiwa kitu, hakupigiwa simu, na mofini yenyewe hajawahi kuletewa.

Tulikuja kupata namba ya nesi wa hospisi kupitia kwa jirani, akaongea na huyu wetu kwa simu wakaelewana: mofini ya maji anywe kila baada ya masaa manne, dozi ya mwisho ya usiku iongezwe ili alale asiamshwe, na dawa ya kulainisha choo aanze siku hiyo hiyo kwa sababu mofini inafunga choo na ikishafunga ni mateso mengine, kichefuchefu kikija ni cha siku chache kitapita. Maongezi mafupi tu ya watu wawili wanaoijua kazi yao na khalati akapata usingizi. Sasa najiuliza, kwanini iwe bahati ya kuwa na jirani mwenye namba?

Kuna hii hofu Mheshimiwa, na sio kwetu sisi watu wa mtaani peke yetu, hata kwa madaktari ipo, kwamba mgonjwa akipelekwa hospisi ndio ameshaagwa. Hapana. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Boston, Marekani, wagonjwa wa kansa ya mapafu iliyosambaa waligawanywa, wengine wakapata matibabu ya kawaida na wengine matibabu hayo hayo pamoja na tiba shufaa, yaani hii kazi ya hospisi ya kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa, tangu mapema, na hawa wa pili walikuwa na hali nzuri zaidi na wakaishi muda mrefu zaidi, karibu miezi 11.6 wenzao 8.9. Kwahivyo daktari anayemwita mtu wa hospisi mapema hajamkatia tamaa mgonjwa wake. Na sio kansa tu, kuna wagonjwa wa figo, wa moyo, kuna watoto wetu wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huku pwani tunawajua vizuri na maumivu yao tunayajua. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu karibu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii na wanaoipata ni kama asilimia 14.

Sasa njoo kwenye jiografia yetu. Mtu wa Kizingitini au Kiunga kwenda Mombasa ni boti mpaka Mokowe halafu basi la kutwa nzima, na mifupa imeliwa na kansa, kila shimo la barabara analisikia. Kusi likivuma bahari inachafuka na kuna siku boti hazitoki kabisa. Mgonjwa kama huyu ukimpa dawa ya wiki moja ukamwambia arudi kliniki ni kama hujampa. Daktari aliyeko Mombasa hayajui haya mpaka aambiwe, na wa kumwambia ni nesi wetu, lakini nesi wetu hana namba ya daktari. Hapo ndipo pamekatika.

Dawa ya hili sio majengo. Mgonjwa akitoka hospitali atoke na barua inayosema ugonjwa umefika wapi, ameambiwa nini na familia imeambiwa nini, dawa zake na vipimo, na namba ya mtu atakayepokea simu usiku. Nakala iende dispensari na kwa hospisi kabla mgonjwa hajapanda boti. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe kuuliza maumivu na kuripoti, kwa sababu wazee wetu hawasemi, atakwambia alhamdulillahi huku ameuma meno. Na mofini ifike mpaka kwa nesi aliyesomeshwa kuitumia. Uganda tangu 2004 manesi na maofisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika, kwasababu waliona vijijini madaktari hawapo, na sisi visiwani hawapo vile vile, naomba ulipeleke hilo Nairobi.

Hilo la kuambiwa ugonjwa nalisisitiza. Huku kwetu watoto wanamficha mama, mama naye anajua na anawaficha watoto kwamba anajua, na daktari aliyebanwa na foleni hana muda wa kukaa na hayo, lakini watu wa hospisi wamesomea kukaa na familia. Ramadhani ikifika mzee anataka kufunga na dawa ni kila masaa manne, hapo anahitajika nesi na imamu wakae naye pamoja, kila mmoja peke yake hamuwezi.

Sera ya kitaifa ya tiba shufaa ya 2021 mpaka 2030 ipo, na afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwahivyo mlango wa kubisha ni wako. Naomba kabla kusi halijaanza uwakutanishe madaktari wa kaunti, wafamasia, manesi wa dispensari za visiwani na watu wa hospisi wa Mombasa, wakubaliane hiyo barua ya mgonjwa iwe na nini na zile namba za simu ziwe za nani. Sisi tunaolea wagonjwa majumbani tukiitwa tutakuja, hata kama ni kwa nauli zetu.

Wako,
Mlezi wa mgonjwa, Faza