Nyumba za zamani za Mwanza zikaguliwe kabla ya kuvunjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Halmashauri ya Jiji letu, pamoja na wenzangu tunaonunua nyumba chakavu katikati ya mji.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mwaka 2016 nilinunua nyumba kuukuu nyuma ya Makoroboi: kuta nene za mawe na chokaa, baraza mbele, fremu nne zinazotazama barabara. Dalali alinihesabia bei ya kiwanja tu. Nyumba, alisema, ni ya kuvunja. Nikapanda darini na fundi seremala. Kenchi zote ni za mninga, na kati ya hizo kumi na nne, zilizooza zilikuwa mbili tu, zile zilizo chini ya bati lililotoboka. Nikakataa kuvunja.

Kosa nililifanya baadaye. Niliruhusu chokaa yote ibanduliwe, ikapigwa lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta. Nyumba iling'aa. Masika ya pili kuta zikavimba, chumvi nyeupe ikajitokeza kwa chini, lipu ikadondoka vipande vikubwa kama sahani. Mpangaji wangu wa vitenge akahama. Shilingi milioni 6 zikapotea hivyo.

Mzee mmoja mwashi wa Igogo ndiye aliyenifumbua macho. "Mama, msingi huu haukuwekewa kitu cha kuzuia unyevu. Ukuta unavuta maji ya ardhini siku zote, na chokaa ndiyo iliyokuwa ikiyatoa. Ukiufunika kwa saruji, yataenda wapi?" Tukaanza upya: chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, mchanga uliochekechwa, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, na magunia yaliyoloa yakining'inizwa ukutani ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Kazi hiyo ni ya polepole, inachosha. Lakini tangu 2019 kuta ni kavu na fremu zote nne zina watu.

Sasa ombi langu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Hapa kwetu Wajerumani walijenga boma miaka ya 1890, na reli kutoka Tabora ilifika 1928. Nyumba zetu za baraza hazifikii umri huo, basi hazina kinga mpaka waziri azitangaze. Naiomba Halmashauri, kabla ya kutoa kibali cha kuvunja, itume mhandisi akague kuta na paa, na mwenye nyumba aonyeshwe kilicho kizima. Zipo zisizookoleka, nakubali. Ukuta uliopasuka toka msingini si wa kuchezea. Ila hukumu hiyo isiachwe kwa dalali.

Mtaani kwetu mbili zimeshavunjwa. Kiwanja kimoja kimebaki na nondo zilizosimama, mwaka wa nne huu, zinaliwa na kutu. Ya tatu iliuzwa mwezi uliopita. Baraza yake ina nguzo sita za mbao zilizochongwa. Aliyeinunua, kama anasoma barua hii, anikute Mwaloni asubuhi yoyote. Nitampeleka kwa yule mwashi, na gharama ya kukagua nitailipa mimi.

Mama muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza