Matairi ya dragi kwa Chaser yako

Chumbageni,
Tanga.

Sahibu yangu,

Salaam sana. Huku sote wazima, na mama anakusalimu wewe na watoto. Nimefurahi kusikia injini imetulia na tabo haivuji tena.

Sasa nije kwenye matairi. Unataka jozi moja ya nyuma ya Toyota Chaser yako, radiali (tairi ambalo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja) za dragi, yaani mbio fupi za njia iliyonyooka, utembelee nazo Bagamoyo kila siku, na siku ya mashindano uondoke nazo hizohizo mstarini. Kama unaweza kupata pesa ya rimu mbili za ziada, usifanye hivyo. Nunua rimu, matairi ya dragi yakae humo, ya kawaida yabaki kwenye gari. Kama pesa haipo, chagua lile lililoegemea barabarani zaidi, hata kama mdogo wako wa Dubai, atakayekununulia, anasema lile jingine linang'ang'ania lami kuliko yote.

Radiali ya dragi ina mpira laini, na ubavu wake hulegea ukipunguza upepo, ili uso wa tairi ulale vizuri chini pale uzito wa gari unaporudi nyuma. Nguvu yake yote iko hapo. Lakini mpira laini huliwa upesi na lami, na mifereji yake ni michache na mifupi. Tairi jipya la kawaida lina mifereji ya kina cha milimita 8 hivi. Haya hayafiki huko. Sasa wewe umeniambia masika utakuwa unakuja huku. Umetoka Msata, umevuka Wami, unatafuta Segera, mvua ya Aprili inamwagika na lori la mbele linakurushia maji kiooni. Mifereji ikishindwa kutoa maji, tairi linaelea juu yake, na kwa kuwa Chaser inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kitako ndicho kitakachoponyoka. Hapo ufundi wa usukani hausaidii. Mimi nataka ufike.

Ubavuni mwa tairi mwambie mdogo wako atafute neno TREADWEAR na namba iliyo mbele yake. Tairi la kulinganishia lina 100; lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili yake katika jaribio hilohilo, na matairi mengi ya gari za familia yana 300 kwenda juu. Nitto NT555R ina 100. NT05R, ya kampuni hiyohiyo, ina 00, na hiyo ndiyo anayokusifia. Mstarini anasema kweli. Kwa safari za Bagamoyo na Tanga utaimaliza kabla hujaifaidi. Ukipata Mickey Thompson, ET Street S/S imechongwa mifereji ya kutembelea, ila ET Street R iko karibu na kipara, yaani tairi lisilo na mifereji. Hiyo R ilitengenezwa kwa aina mbili, radiali na ile ya nyuzi za mshazari, kwa hiyo asisome jina tu. Mshazari nyuma na radiali mbele ni mchanganyiko ambao sitaki kuusikia kwenye gari la barabara kuu. Gari huyumba na usukani hauna msimamo.

Kuhusu saizi, hapa ndipo wengi wanaponunua kwa macho. Nyuma Chaser yako, toleo la Tourer V, ilitoka kiwandani na 225/50R16 (upana milimita 225, ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu inchi 16), yaani kimo cha milimita 631. Ukiweka 255/50R16 kwa sababu ni pana, kimo kinakuwa 661, karibu asilimia 5 zaidi. Maana yake gia zote zimekuwa ndefu, gari linaondoka kwa uzito, na mshale ukionyesha 80 wewe uko karibu 84. Bado hujaangalia kama linakwaruza fenda ukipakia watu nyuma. 245/45R16 ni milimita 627, karibu sawa na la asili, na bado umeongeza upana. Tatizo ni kwamba matairi haya hutengenezwa zaidi kwa ajili ya gari za Kimarekani kama Mustang na Camaro, basi inchi 16 haina chaguo kubwa. Ndiyo sababu nyingine ya kufikiria rimu za ziada, maana hapo unaweza kuchagua inchi 17 kwa uhuru.

Usisahau pia kwamba tairi likishika sana, nguvu hutafuta pengine pa kutokea. Leo tairi linateleza na kuokoa klachi, shafti na difu, kesho halitelezi. Mwambie fundi wako aviangalie hivyo kwanza.

Upepo: barabarani psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 30 hadi 32. Mstarini anza na 20, matairi yote mawili sawa kabisa, kisha shusha kidogo kidogo ukiangalia gari linavyoondoka. 15 ni chini vya kutosha. Kabla hujageuka kurudi nyumbani, jaza. Tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa safari hujipinda ubavu kila mzunguko, hupata joto na kupasuka, kwa hiyo pampu isitoke kwenye buti. Wakimwaga maji ya kuzungushia matairi kabla ya kuondoka, zunguka pembeni usiyapite. Vipara hupita humo, lakini mifereji ya matairi yako itayabeba maji hadi mstarini. Zungusha matairi muda mfupi, yasafike na kupata joto, basi. Na radiali ikianza kuteleza hairudi kushika kirahisi, achia mafuta, usishindane nayo.

Lile la kujaribu usiku kwenye barabara ya Msata sikubaliani nalo hata kidogo. Tuachie mbali sheria. Matairi haya yanaonyesha uwezo wao kwenye lami iliyomwagiwa gundi maalumu na kukandikwa mpira wa magari yaliyotangulia. Lami yetu ina mchanga na vumbi, hutapata hata nusu ya unachokilipia. Halafu kuna kusimama. Marekani, kwenye njia zilizofungwa na zenye wazimamoto, NHRA, chama cha mbio za dragi cha huko, mwaka 2008 iliwapunguzia wenye kasi kubwa zaidi umbali kutoka mita 402 hadi 305, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mashindanoni, ili wapate nafasi zaidi ya kupunguza mwendo. Sisi barabarani tuna bodaboda zisizo na taa na watoto wa watu wanaotoka madrasa. Subiri siku ambayo waandaaji wamefunga njia kwa kibali na gari la wagonjwa lipo.

Mwisho, ya mtumba hapana. Mpira huu hukakamaa kwa kupata joto na kupoa mara nyingi na kwa kukaa juani, na mifereji yake inaweza kuonekana mizima kabisa. Hata mapya, asome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 1124 ni wiki ya 11 ya mwaka 2024. Akipata yaliyolala dukani miaka mingi, ayaache hata kwa bei ya kutupa. Yakifika, yafunike, yakae ndani mbali na jua.

Kabla hajalipa, anipigie picha ya ubavu: saizi, TREADWEAR na hizo tarakimu za DOT. Nitakujibu siku hiyohiyo. Rimu, kama ukikubali, nitakuulizia hapa Ngamiani. Niandikie tu idadi ya matundu ya nati za rimu na upana wa nafasi iliyopo kati ya tairi la sasa na fenda, pande zote mbili.

Msalimie shemeji.

Nduguyo wa Chumbageni