Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mbeya

Yah: Kuomba ukuta wa kuwachora makuli wa Mwanjelwa

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Mwanjelwa. Vibao vya saluni, vya mama ntilie, maandishi ya ubavuni mwa magari, hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Mwaka jana mwenye ghala mmoja aliniita nimchoree ukuta wa mbele: magunia ya viazi na mchele, watu wajue anauza nini. Nikachora. Chini ya gunia moja nikamweka kuli, kichwa kimeinama, mshipa wa shingo umesimama, maana gunia haliendi lenyewe na lile lilikuwa lumbesa, limejazwa kupita kipimo. Ni kuli wa kweli, tunafahamiana. Jioni alikuja na binti yake mdogo, akamwonyesha kwa kidole, wakasimama pale hadi giza likaingia. Kesho yake mwenye ghala akaniambia, "Huyu mtu mfute, magunia yaache." Nikafuta, kwa kuwa nilikuwa sijalipwa. Magunia yapo mpaka leo, yanaelea hewani.

Jambo hilo halijanitoka. Makuli ninaowafahamu wanalipwa kwa gunia. Likizidi kilo 100 zinazoruhusiwa, hela ni ileile. Tukiipigia kelele lumbesa tunamtaja mkulima anayepunjwa, na ni haki yake. Mgongo unaoibeba hatuutaji.

Mwaka 1932 mchoraji wa Meksiko, Diego Rivera, alikwenda Detroit, Marekani, wakati mdororo wa uchumi umewaacha wengi bila kazi. Alishinda kwenye kiwanda cha magari cha Ford akiwatazama watu na mitambo, kisha akajaza kuta za ukumbi wa makumbusho ya sanaa kwa paneli 27, akamaliza 1933. Aliyegharamia ni Edsel Ford, rais wa kampuni ya Ford, na bado waliojaa ukutani ni wale wanaosukuma na kuvuta vyuma. Wapo waliotaka zifutwe. Hazikufutwa.

Ila sina haja ya kwenda mbali hivyo. Tazama nembo ya Taifa juu ya barua za ofisi yako: kwenye ngao kuna jembe na shoka, na kandokando wamesimama mwanamume na mwanamke. Walioibuni hawakuacha zana peke yake.

Naomba ukuta mmoja wa soko unaotazama barabara. Nitachora kuli, msukuma guta, mama anayechambua viazi, na chini ya kila mmoja jina lake kama anavyotaka liandikwe. Asiyetaka, asichorwe. Naomba pia walipwe kwa muda wa kukaa wakichorwa, kwani kwao nusu siku ni chakula cha nyumbani. Akitokea mfadhili, nembo yake isizidi uso wa mtu.

Plasta inatakiwa iwe kavu, kwa hiyo tuanze Juni na tumalize kabla ya mvua za Novemba. Brashi ninazo, na rangi ya kuanzia ipo. Napatikana sokoni kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Wako,
Mchoraji wa mabango, Mwanjelwa