Barua kwa Mwanangu Anayependa Mshipi na Kalamu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa furaha kubwa, hasa pale unapouliza kama itakubidi uchague kati ya sayansi ya uvuvi, uandishi wa maisha ya porini na majini, na huo mshipi usiotaka kuuweka chini. Huna haja ya kuchagua. Ila ujue mapema kwamba kazi inayoyaunganisha mambo hayo matatu inakudai jambo moja ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kuiandika hata siku uliyorudi mikono mitupu.

Mtafiti anayetaka kujua hali ya samaki katika ziwa huangalia idadi ya waliovuliwa akilinganisha na saa zilizotumika kuvua. Wavuvi wa burudani huzikumbuka siku njema na kuzinyamazia zile za bure, na mwandishi naye huzipenda siku njema kwa kuwa ndizo zinazosomwa. Lakini saa za bure zikikosekana katika hesabu, ziwa linaloanza kuishiwa litaonekana limejaa. Tena kuna samaki wanaokusanyika mahali pamoja wakati wa kutaga, na mvuvi hodari anayepajua mahali hapo ataendelea kupata samaki wengi hata kama jumla yao inapungua mwaka hadi mwaka. Anachosimulia amekiona kwa macho yake, wala hasemi uongo, ila anachokihitimisha si sahihi. Anayeweza kumweleza hilo bila kumvunjia heshima ni mtu aliyesomea takwimu na ambaye pia amekaa naye ufukoni, na watu wa namna hiyo ni wachache mno.

Usidhani kwamba elimu hutoka upande mmoja tu. Mwaka 1954 Frank Mather, mtafiti wa taasisi ya sayansi ya bahari ya Woods Hole nchini Marekani, alianza kuwashirikisha wavuvi wa burudani katika kuwatia alama jodari na samaki wengine wakubwa wa baharini kabla ya kuwaachia, maana wavuvi hao ndio waliokuwa wakiwashika wakiwa hai. Baadhi ya jodari waliotiwa alama upande wa magharibi wa Atlantiki walikuja kuvuliwa upande wa mashariki, na hivyo ikathibitika kwamba wanaivuka bahari nzima. Wavuvi wasingejitolea kama hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao alama hiyo ni ya nini, na hapo ndipo ninapoiona kazi yako.

Uandishi wako utahitajika hata katika mambo madogo ya mkononi. Samaki akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka, macho yakamtoka, na kitu kama puto kikachomoza mdomoni. Wapo wanaokitoboa wakidhani ni kibofu cha hewa, kumbe mara nyingi ni tumbo lake lililosukumwa nje. Afadhali ashushwe upesi kwa mshipi wenye uzito hadi kule chini, ambako mgandamizo wa maji utaibana tena hewa ile, kisha aachiwe. Aya moja iliyoandikwa vizuri kuhusu jambo hilo, ikasomwa na watu wanaokwenda majini kila wiki, itaokoa samaki ambao ripoti yenye majedwali haitawafikia kamwe. Nayo ripoti usiidharau, kwa sababu aya yako itakuwa imetoka humo.

Kwa hiyo nakushauri uanze na shahada ya sayansi, huku ukiandika kila wiki. Jifunze kukata kijiwe cha sikio la samaki na kuhesabu pete zake chini ya hadubini, pete pana za msimu wa kukua na nyembamba za msimu wa shida, hadi uweze kumsomea samaki umri wake. Ukishajua kwamba samaki uliyemwita mkubwa tu ameishi miongo kadhaa, hata maneno ya kumwelezea yatabadilika.

Makala uliyonitumia nimeirudisha pamoja na barua hii. Umemsifu vizuri samaki wa asubuhi ya mwisho, lakini hukutaja umevua saa ngapi kwa jumla, wala siku zile mbili ambazo hakuna aliyegusa chambo. Ziongeze kabla hujaipeleka kwa mhariri.

Mzazi wako akupendaye.