Kiini cha uraniamu si gololi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mchoro wa atomu mlioutoa hivi karibuni kwenye ukurasa wa sayansi. Kiini cha uraniamu, yaani sehemu ya katikati ya atomu yake, mmekichora duara kamili, kama gololi. Kosa hilo nimelifundisha mwenyewe kwa miaka mingi hapa Tabora, ndiyo maana limenigusa.

Mwaka mmoja, nikifundisha Kidato cha Nne, msichana aliyekuwa akikaa karibu na dirisha aliniuliza: "Mwalimu, nani alikiona hicho kiini akajua ni duara?" Nikamwambia kitabu ndivyo kinavyosema, nikaendelea na somo. Lile halikuwa jibu la kumpa mtoto aliyeuliza vizuri namna ile. Nalijibu swali lake leo.

Hakuna aliyekiona. Umbo lake linajulikana kwa mionzi ya gama, mionzi yenye nishati kubwa isiyoonekana kwa macho. Kiini kikigongwa hupokea nishati, na kama ni kirefu huanza kuzunguka. Kisha hupunguza mwendo kwa kushuka ngazi moja baada ya nyingine, na mara nyingi kila kinaposhuka hutoa mwali wa gama wenye nishati sawa na kimo cha ngazi ile. Vigunduzi vya jemaniamu, vilivyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, huipima nishati hiyo kwa usahihi mkubwa.

Chukua gololi nyeupe isiyo na alama, izungushe mezani. Huwezi kujua kama inazunguka au imesimama. Zungusha zambarau, utaona mara moja. Kwenye viini jambo hili huenda mbali zaidi: kilicho duara kamili hakina ngazi za mzunguko kabisa. Risasi-208, yenye protoni 82 na nyutroni 126, ndiyo gololi ya kweli, na ngazi yake ya kwanza iko juu sana, kwenye kiloelektronivolti 2,614 (hicho ni kipimo cha nishati ndogo sana). Uraniamu-238 ngazi yake ya kwanza iko 45 tu, na ya pili 148. Gawanya 148 kwa 45, unapata 3.3. Hesabu ya kitu kirefu kinachozunguka bila kubadilika umbo inadai 10 kwa 3, yaani 3.3 ileile. Basi uraniamu ni zambarau. Aage Bohr, Ben Mottelson na James Rainwater walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975 kwa kueleza mambo haya.

Vipo viini virefu zaidi. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Daresbury, Uingereza, kiini cha disprosiamu-152 kilichozungushwa kwa kasi kubwa kilitoa mistari 19 ya gama iliyopangana kama meno ya kitana, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa kiloelektronivolti takriban 47. Urefu wake ni karibu mara mbili ya upana, mithili ya tende.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni radiamu-224. Mwaka 2013, watafiti wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kwenye kituo chake cha ISOLDE, walitangaza kwamba waliipa kasi radiamu hiyo, wakaigongesha kwenye bamba jembamba la metali na kukusanya miali ya gama kwa vigunduzi vya Miniball. Nguvu ya miali ile ilionyesha kiini chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Kwa lugha ya sokoni kwetu, parachichi. Radoni-220, ambayo ndiyo mtoto wa radiamu hiyo, haijatulia kwenye umbo hilo. Inatetemeka tu kulielekea. Wanaotafuta sababu ya ulimwengu kubaki na maada nyingi kuliko kinyume cha maada (antimata) wanavihitaji sana viini vya namna hii.

Na radiamu hiyo iko hapa. Mawe ya itale yanayouzunguka mji wetu yana thoriamu kidogo, na thoriamu ikioza, yaani ikivunjika yenyewe hatua kwa hatua, huizaa radiamu-224, ambayo nusu yake huisha kwa siku 3.6 na kugeuka radoni. Ukoo huo unaishia kwenye risasi-208. Nje ya darasa langu palikuwa na lundo la kokoto za ujenzi, akina mama walizivunja kwa nyundo kuanzia asubuhi. Parachichi lilikuwa ndani ya kokoto zile, na gololi pia, mita chache kutoka dirisha la yule binti. (Wasomaji wasiogope, ni kiasi kidogo mno.)

Wanafunzi wetu wasiambiwe kwamba elimu hii ni ya Ulaya peke yake. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, Arusha, hupima vyakula kwa kusoma mionzi ya gama. Afrika Kusini, karibu na Cape Town, maabara ya iThemba LABS ina vigunduzi vya AFRODITE, ambavyo vijana wa Kiafrika wanavitumia kuchunguza maumbo ya viini.

Nimeambatanisha michoro mitatu niliyoichora kwa penseli: gololi ya risasi-208, zambarau la uraniamu-238 na parachichi la radiamu-224. Kama nafasi ni ndogo, wekeni huo wa tatu, na chini yake muandike namna umbo hilo lilivyojulikana.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Ng'ambo, Tabora