Kwaya ya chuo si pambo la mahafali

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu mwandishi wa makala ya Jumapili iliyopita, aliyetaka vyuo vikuu vidogo vifute kwaya na idara za muziki ili fedha ziende kwenye kompyuta na maabara. Anasema kuimba hakumpi kijana kazi wala hakulipi bili ya umeme ya chuo. Nimeisoma mara mbili. Ninaishi Nashville, Marekani, mwaka wa 11 sasa, jirani na chuo ambacho kwaya ndiyo iliyokilipia ardhi, kuta na paa. Nikinyamaza nitakuwa nimewadhulumu walioimba.

Chuo chenyewe ni Fisk. Ni kidogo, wanafunzi wake ni kama elfu moja hivi, na zipo sekondari za kwetu zinazokipita. Hakimfungi mtu kwenye fani moja: anayesoma kemia hupitia pia historia, falsafa, lugha na sanaa. Kilifunguliwa Januari 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia, katika mabanda ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Waliokuja kusoma walikuwa watu waliotoka utumwani, watoto wa miaka 7 hadi wazee wa miaka 70, wote wakianza na herufi zilezile. Haikupita miaka mitano mabanda yakawa yanaoza na madeni yamefika shingoni.

Mtunza hazina, George White, alikuwa pia akifundisha muziki. Akawachukua wanafunzi 9 kwenda kuimba miji ya Kaskazini ili kutafuta fedha. Wengi wao walizaliwa watumwa. Mdogo kabisa alikuwa msichana wa miaka 14. Mpiga piano wao, Ella Sheppard, alikuwa na miaka 20. Baba yake ndiye aliyemnunua akamtoa utumwani akiwa mtoto, na siku alipofika Fisk alikuwa na dola 6 tu. Waliondoka tarehe 6 Oktoba 1871. Siku chache baadaye mji wa Chicago uliungua, na vijana hawa, ambao hoteli zilikuwa zikiwafungia milango, wakatoa mapato yote ya onyesho moja, kama dola 50, kuwasaidia waliounguliwa. Kila nikifika hapo kwenye simulizi hii nasimama kidogo. Walitumwa kuokoa chuo chao, na fedha za mwanzo wakawapa wenye shida kuliko wao.

Mwanzoni hawakuimba nyimbo za wazazi wao jukwaani. Waliimba nyimbo za Wazungu zilizovuma wakati ule. Zile za mashambani, zilizotungwa chini ya mjeledi, waliziona ni za siri na takatifu, na zilikumbusha aibu ya utumwa. Novemba ile, katika mji wa Oberlin, jimbo la Ohio, mbele ya mkutano mkuu wa makanisa, wakaanza moja polepole, na ukumbi uliokuwa na kelele ukatulia. Kuanzia hapo ndizo watu walizozitaka. Machi 1872 waliimba Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Grant, na mwaka uliofuata wakaimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Ziara ya kwanza peke yake ilileta dola 20,000. Fedha za nyimbo zilinunua ardhi ambayo chuo kimekaa hadi leo na kujenga Jubilee Hall, jengo lililokamilika mwaka 1876. Ni bweni mpaka sasa. Huyo anayesema kuimba hakulipi bili, ningependa aje asimame mbele ya jengo lile.

Hata hivyo sitaki mkuu wa chuo yeyote asome barua hii akadhani nampa mtaji. Vijana wale walilipa kwa miili yao. Walizungushwa miaka saba, wakaugua, masomo yao yakasimama, na kundi la mwanzo likavunjika mwaka 1878 likiwa hoi. Fisk iliokoka kwa gharama ambayo hakuna mwanafunzi anayepaswa kutozwa tena. Na hili linaniuma kwa sababu zangu. Nilisoma chuo kidogo huko nyumbani na niliimba sauti ya pili kwa miaka mitatu. Hatukuwa na chumba cha mazoezi. Tulijifunzia chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunatawanyika. Mwalimu wetu wa kwaya hakulipwa hata nauli. Lakini akija mgeni rasmi, tuliitwa kukicha, tukashonewa sare, tukaimba juani hadi hotuba zikaisha, kisha tukapewa soda moja moja. Kesho yake hakuna aliyetukumbuka. Kwaya namna hiyo nami ningeifuta, kwa kuwa haikufanywa kwaya, ilifanywa mapambo kama maturubai.

Ninayoyaona Fisk ni mengine. Waimbaji wa leo husimama jukwaani bila ala na bila mtu wa kuwaongoza kwa mikono. Alichokifundisha Paul Kwami, Mghana aliyewahi kuimba humo akiwa mwanafunzi kisha akawalea waimbaji hao kuanzia mwaka 1994 hadi alipofariki mwaka 2022, ni kusikilizana. Wa besi anasikia pumzi ya aliye pembeni yake, wanaingia pamoja. Ukitaka kujua jambo hilo lina uzito gani, jaribu na watu wanne tu wa nyumbani kwako. Mwaka 2021 walipata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, nami nilifurahi nao, ila si tuzo inayonirudisha pale kila mwaka.

Kinachonirudisha ni tarehe 6 Oktoba. Chuo kizima huadhimisha siku ile waliyoondoka wale tisa. Hukutana kanisani humo chuoni, wahadhiri na wanafunzi, wa fizikia na wa biashara, na ukiangalia nyuso unajua kuwa hapo wamejiona wao si namba za usajili. Halafu waimbaji huenda makaburini kwa waliowatangulia na kuwaimbia. Mara ya kwanza nilipofuatana nao nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa hamwagi maji ya kunawa kabla hajamtaja marehemu mama yake.

Basi ninachowaomba wenye vyuo huko nyumbani ni kidogo mno. Waipe kwaya chumba na saa mbili katika ratiba, zisizoporwa na vikao. Mwalimu wake alipwe kama wengine. Mwanafunzi wa uhasibu aruhusiwe kuimba bila kuulizwa kitamsaidia nini. Na wageni rasmi wakija, vijana waalikwe kama watu wenye kazi yao, wapewe kiti na kivuli.

Mwandishi wa ile makala, kama safari itamfikisha huku mwezi wa kumi, nipo. Nitaomba ruhusa kazini siku hiyo tufuatane makaburini, na chakula cha mchana atakula kwangu.

Msomaji wako,
Nashville, Tennessee