Risala ya Kamati ya Kituo cha Ufundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, wazee wetu, wazazi na wahitimu, itifaki imezingatiwa. Karibu sana huku Kusini, na pole na vumbi la barabara (nalo lina risala yake, leo tunaliacha).

Kituo kilianza chini ya mkorosho na vyerehani 2 vya kukanyaga, leo tuna jengo la bati na tunafundisha ushonaji na kuchomelea. Wahitimu wetu wametapakaa nchi nzima, mmoja yuko Dar. Basi historia ndo hiyo.

Mheshimiwa, shida yetu ni ada. Halmashauri inalipa nusu, mzazi anabakiwa na 80,000, na kwa hilo tunashukuru sana, sana. Ila viti viko wazi. Wakubwa wakija wanasema vijana wa huku hawapendi kusoma wanapenda bodaboda. Sisi tulikaa na wazazi tukapiga hesabu, hiyo 80,000 mwenye korosho anaiweza, tatizo inadaiwa yote kwa mkupuo mwezi wa 7, na mwezi wa 7 hela ya msimu uliopita ishaisha, mikorosho ndo inatoa maua, minada mpaka mwezi wa 10 na malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika kinachotuuzia korosho, yanafuata baadae. Sasa mzazi afanyeje? Anaenda kwa kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo, usiku usiku, najua imekatazwa, anauza korosho ambayo bado ni ua kwa bei ya kutupa, msimu ukifika ile nusu ada imeshamla kuliko ada nzima. Na bado tunaiita ruzuku.

Kuna mwaka tulifanyiwa bure kabisa. Darasa likajaa mpaka dirishani, wiki ya tatu nusu hawaonekani, maana bure ilikuwa ada tu, kitambaa, uzi, nauli na chakula cha mchana ujijue mwenyewe. Baadae mwalimu wetu, bila kibali cha mtu, akaanza kupokea ada kidogo kidogo, leo 2,000 kesho 5,000, kuna mama alileta muhogo, na darasa hilo ndo hili linalohitimu mbele yako. (Alipewa barua ya onyo, tunaomba ifutwe.)

Kwa hiyo mheshimiwa tunaomba mzazi alipe kwa mafungu na salio lidaiwe baada ya minada, halafu ile nusu ya halmashauri itoke muhula unapoanza, isitoke ukiisha, dukani hawatupi uzi wala vijiti vya kuchomelea kwa kusema ruzuku inakuja. Tunajua kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ila mtu hawezi kukopea cherehani asichojua kukikanyaga.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alikaa kiti hicho hicho, akaahidi kulibeba suala la ada na vyerehani 5 vya umeme juu yake, tukapiga vigelegele tukampa mbuzi. Tukifuatilia tunaambiwa viko njiani. Mbuzi alishafika, mheshimiwa. Wewe leo tupe tarehe tu, hata ya mbali.

Nakala ya risala hii utakabidhiwa, na ile ya mwaka juzi tumeibana nyuma yake, maombi ni yale yale.

Naomba kuwasilisha.